Ramani Niliyoisoma Kichwa Chini

Kwa ninyi mlioachiwa mizani yangu na kabati langu la madaftari: nimestaafu juzi tu, na bado naamka alfajiri nikitafuta gambuti. Mliniomba niandike kuhusu mipango ya utafiti, kwa sababu mnasema nimefanya kazi na watafiti wa kila aina. Ni kweli. Vyeo na mishahara nitaviruka; faili za ofisini zinavijua kuliko mimi. Nitaandika zaidi juu ya karatasi moja. Nilikaa na karatasi hiyo miaka sita nikidhani naijua, na siku niliyogundua kwamba siijui niliketi kwenye matope, mimi mama wa watoto wanne, nikashindwa kusimama.

Naitwa Teresia Kwamboka. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma chai karibu na Kericho, nami nilizaliwa kwenye nyumba za laini, zile za safu za wachumaji, nikakua nikiongea Kikisii nyumbani na Kikipsigis barabarani. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa na kituo cha utafiti wa chai kama mwandishi wa shambani. Jina la kazi ni kubwa kuliko kazi. Unasimama kwenye kipande cha chai na mizani, wachumaji wanaleta majani, unapima, unaandika, unahamia kipande kinachofuata. Mvua ikinyesha unatumia penseli, maana wino hulia.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Arap Bii, msimamizi wa mashamba ya majaribio. Alikuwa mrefu, mwembamba, na hakupenda maneno. Aliviangalia viatu vyangu, vya kanisani, akaenda stoo akarudi na gambuti za mwanamume. Nilivaa soksi tatu ili zisinitoke. Akanipeleka juu ya kilima.

"Unaona nini hapa?" akaniuliza.

"Chai, mzee."

"Tazama tena."

Nikatazama tena. Chai, mpaka macho yalipokomea.

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki wa maziwa. Ilikuwa na miraba iliyochorwa kwa rula, kila mraba na namba yake na herufi yake. "Shamba ndilo hili," akasema, akiigonga kwa kidole. "Ile ingine ni majani. Karatasi hii ikipotea, hapa hakuna utafiti. Kuna kijani tu."

Alinifunza kupima kwa kamba yenye mafundo na kupigilia vigingi. Alinifunza kwa nini watafiti huvuruga mpangilio kwa kupiga kura, aina hii hapa na ile pale, badala ya kupanga kila aina upande wake. Sehemu ya chini ya shamba huwa na udongo mzito na maji. Ukiipanda aina moja huko peke yake, itazaa vizuri, nawe utaisifu chai kumbe wa kusifiwa ni udongo. Nilishangaa sana. Nilikuwa nimedhani wasomi hupanga vitu kwa unadhifu, kama viti vya harusi. Kumbe mpango mzuri wa shamba, ukiuangalia, unafanana na fujo.

Baada ya miaka kadhaa likaja jaribio la mizizi. Nilieleze polepole, kwa sababu ndilo lililoniponza. Daktari Kirui, mkuu wa idara yetu, alitaka chai inayostahimili kiangazi. Ipo chai yenye majani matamu lakini mizizi dhaifu, na ipo yenye mizizi migumu lakini majani yake hayana kitu. Akaunganisha: kichwa cha chai tamu juu ya mzizi wa chai ngumu, miche miwili ikashikana ikawa mmoja. Alijaribu mizizi ya aina tatu, tukaiita Mzizi wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu. Vichwa vyote vilikuwa vya aina moja. Kwa hiyo vichaka vyote vilifanana kama mapacha. Juu ya ardhi hakuna binadamu angeweza kusema kipi kina mzizi gani. Aliyejua ni karatasi.

Shamba lilipatikana karibu na Roret, kwa mjane mmoja anayeitwa Mama Chebet. Alitupa mteremko mmoja, mrefu na mwembamba, vipande kumi na viwili kutoka juu hadi karibu na kijito. Mzee Arap Bii ndiye aliyechora ramani na kupanda. Mimi wakati huo nilikuwa na jaribio lingine upande wa Sotik, sikuwepo.

Miaka mitatu baadaye chai ikawa tayari kuchumwa, na Mzee akastaafu. Alinikabidhi ramani zake zote ndani ya mfuko uleule wa maziwa. "Ziko zote," akasema. Nikamshukuru, nikambebea begi mpaka kwenye gari, akaenda kwao Kipkelion. Sikumwomba tutembee pamoja kwenye shamba hata moja. Na yeye hakunipeleka. Sote wawili tuliiamini karatasi.

Nilipofika Roret nilikuta vigingi vimeoza na vingine vimeliwa na mchwa. Hilo si ajabu. Nikachonga vipya, nikavipaka rangi nyeupe, nikafungua ramani. Upande mmoja wa karatasi, karibu na kipande namba moja, Mzee alikuwa ameandika neno moja kwa herufi kubwa: BARABARA. Nikainua macho. Juu ya shamba ilipita barabara nzuri ya murram, ile changarawe nyekundu, pana, malori ya kubeba majani yakipanda na kushuka. Nikaanzia hapo. Namba moja, namba mbili, mpaka namba kumi na mbili kule chini. Ilinichukua asubuhi moja, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Kila baada ya wiki mbili, miaka sita, nilipima majani ya vipande vile. Mama Chebet alikuwa akituletea chai ya maziwa kwenye birika la bati, tunakunywa tumesimama. Vilikuja viangazi viwili vikali. Vipande vilivyokuwa na Mzizi wa Tatu kwenye daftari langu viliendelea kutoa majani. Vile vya Mzizi wa Kwanza vilikauka ncha. Daktari Kirui alifurahi. Akaagiza kitalu kianze kuunganisha miche kwa Mzizi wa Tatu, maelfu kwa maelfu, na Mzizi wa Kwanza ukatupwa. Ili kumshukuru Mama Chebet, akampa miche ya kwanza kabisa kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama huyo aling'oa mahindi yake akapanda nusu ekari.

Katikati ya hayo niliazimwa. Sista Hellen, nesi mtafiti aliyekuwa akifanya kazi vijiji vya Bomet, alihitaji mtu anayejua kuandika namba bila kuchoka. Alikuwa akijaribu uji wa watoto. Nyumba zingine zilipewa unga wa kawaida, zingine unga ulioongezwa vitu vya kujenga damu, na mifuko ilifanana. Niliona kazi ileile ya chai, isipokuwa vipande vilikuwa vinakimbia na kulia.

Asubuhi moja, katika wiki ya tano, tulifika kwa mzee mwenye wake wawili. Nikagundua kwamba namba za nyumba za wale kina mama zimebadilishana. Mke mkubwa alikuwa anapewa mfuko wa mke mdogo.

"Hii ni rahisi," nikamwambia Sista. "Tubadilishe namba tuendelee."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Tumesimama," akasema.

"Tumesimama hapa?"

"Kila mahali. Piga simu kwa wote, warudi."

Watu kumi na wanne walirudi kutoka vijijini. Siku tatu hatukupima mtoto hata mmoja. Tulitembea nyumba zote upya, kila mtu akikagua eneo ambalo hakulichora yeye, akianzia mwisho kuja mwanzo, na kila mlango lazima aulize mwenye nyumba: nani alikuja hapa mwanzoni, na alisimama wapi? Niliduwaa. Sikuwa nimewahi kuona utafiti mzima ukizimwa kwa sababu ya namba mbili. Tulipata nyumba nyingine saba zilizokosewa. Saba! Hakuna hata moja tuliyokuwa tunaishuku.

"Kwa chai hamfanyi hivi?" Sista Hellen akaniuliza tukila mchana.

"Chai haihami nyumba," nikamjibu, na watu wakacheka. Nilicheka pia.

Mwaka huohuo, wakati wa likizo yangu, mwalimu wa historia anayeitwa Bwana Wafula alinichukua kuwa mkalimani wake kule Kipkelion. Alikuwa akikusanya kumbukumbu za wazee waliofanya kazi kwenye reli. Nilitarajia afike na ramani au orodha ndefu. Alikuja na swali moja na sheria moja: uliza watu watatu, mbalimbali, wasisikiane. Nilimwona mvivu. Kisha nikamwona akiwasikiliza wazee watatu wakieleza ajali moja ya mabehewa, kila mmoja akiapa, na wawili kati yao waliiweka upande tofauti wa stesheni. "Sasa ndio kazi inaanza," akasema, akafungua ukurasa mpya. Mimi ningekuwa nimeshafunga daftari kwa yule wa kwanza.

Nilirudi kituoni. Siku ya wakulima ilikuwa imebaki miezi miwili, na Daktari Kirui alitaka Mzizi wa Tatu utangazwe siku hiyo, hapohapo kwa Mama Chebet. Akaniagiza nichore ramani ya shamba kwenye karatasi kubwa ya manila, wageni waione. Nikaenda Roret na ile karatasi ya zamani. Na kwa sababu miguu yangu ilikuwa imezoea mambo ya Sista Hellen, nikashuka mpaka kijitoni nikaanza kutembea kutoka mwisho kuja mwanzo. Mama Chebet alikuwa anakatia ng'ombe nyasi kando ya maji. Nikamsalimia. Kisha, bila wazo lolote la maana, nikamwuliza kama tulivyokuwa tukiuliza kila mlango.

"Mama Chebet, siku ile Mzee Arap Bii alikuja kupanda, alisimama wapi?"

"Si ni hapa," akasema, akionyesha kwa mundu mahali nilipokuwa nimesimama. "Miche ilishushwa hapa na trekta. Hapa ndipo alipigilia kigingi cha kwanza. Hata alinikatia kile kichaka cha miiba kilikuwa hapa."

"Hapa chini? Si kule juu, barabarani?"

"Barabara gani?"

"Ile ya murram."

Akacheka. "Ai, Teresia! Hiyo ililetwa juzi. Walipochonga ile ya juu, Arap Bii alikuwa ameshapanda zamani. Barabara yetu ilikuwa hii." Akaukanyaga mpito wa ng'ombe, uliomea nyasi, sasa umebaki upana wa mtu mmoja.

Nikaitazama karatasi. Nikaigeuza. Nikaketi papo hapo kwenye matope.

Kwa ninyi msioijua ramani ile: kura ilikuwa imeangukia vibaya, kiasi kwamba ukiigeuza, vipande vingi vya Mzizi wa Kwanza vinakaa pale palipokuwa pa Mzizi wa Tatu, na vya Tatu pale pa Kwanza. Miaka sita nilikuwa nimemsifu mmoja kwa kazi ya mwenzake. Niliona midomo ya Mama Chebet ikitembea na sikusikia neno. Nilichoweza kufikiria ni ile nusu ekari yake upande wa pili wa kijito, miche imesimama mistari mistari, mizuri, imeshika vizuri sana.

Sikumwambia kitu siku hiyo. Ninaandika hili kwa aibu. Nilisema nina kizunguzungu, akanipa maji.

Kutoka hapo nilienda kwa jirani, mzee mmoja ambaye ng'ombe wake hunywa kijito kilekile. Sikumtajia jibu la Mama Chebet. Akasema barabara ilikuwa chini. Siku iliyofuata nikapanda gari mpaka Kipkelion, nikamkuta Mzee Arap Bii anapukuchua mahindi kwenye veranda. Alikuwa amezeeka, lakini aliponiona alitazama kwanza viatu vyangu. Nikaweka karatasi mapajani mwake.

"Mzee, hapa umeandika barabara. Ni ipi?"

"Barabara ni ngapi? Ni ile ya mtoni."

"Sasa kuna nyingine juu."

Aliigeuza karatasi kwa mkono mmoja. Gunzi lilibaki katika mkono wa pili. "Na wewe ulianzia juu," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo, mzee."

"Miaka mingapi?"

"Sita."

Aliweka gunzi chini akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Mkewe akatoka jikoni akiuliza nani amekufa.

Alipopata sauti hakunilaumu. Alisema, "Usiwape maneno yangu peke yake. Mimi ni mzee, watasema nimesahau. Kata vichaka vinne vya pembeni, chini ya pale palipounganishwa. Kichwa kikiondoka, mzizi utachipuza majani yake mwenyewe. Wa Kwanza huchipuza mwekundu."

Daktari Kirui alinisikiliza huku akiendelea kutia sahihi barua. Hakuniamini. Aliniruhusu nikate vichaka vinne, nadhani ili nitulie. Nilimwendea pia Mama Chebet, sasa nikamweleza sababu, maana shamba ni lake na miche ni yake. Akaniuliza swali moja tu: "Na ile nimepanda?" Nikamwambia tungoje visiki viseme. Akaingia ndani akafunga mlango, mchana, na siku hiyo birika halikuja.

Tulingoja wiki sita. Nilikuwa nikienda kuvitazama visiki kama mtu anayetazama mgonjwa. Vilipochipuza nikamwita Daktari. Tulishuka mteremko pamoja, yeye akiwa na viatu vya ofisini. Kwenye kipande ambacho kigingi changu kilisema ni cha Mzizi wa Tatu, kisiki kilikuwa kimetoa vijani vitatu, vidogo kama kucha. Vyekundu.

Akachuchumaa. Akavigusa. Akaenda kisiki cha pili, cha tatu, cha nne, akinitangulia, karibu akimbie. Kisha akavua miwani akasimama akitazama upande wa Kericho, ambako kitalu chake kilikuwa kimejaa.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

Nilishtuka zaidi kwa swali hilo kuliko kwa vile vijani. Nilikuwa nimemheshimu mtu huyu miaka mingi.

"Mama Chebet. Jirani. Mzee Arap Bii. Mimi."

"Siku ya wakulima imebaki wiki mbili, Teresia. Tuache ipite. Halafu tutarekebisha polepole, kitaalamu."

"Daktari, siku hiyo watu watachukua miche."

"Najua."

"Chai ikishapandwa inakaa mpaka wajukuu."

"Najua! Unadhani sijui?"

Nikamwambia ile manila sitaichora. Nilimwambia kwa heshima, mikono nyuma, kama mtoto wa shule, lakini nilimwambia. Tulirudi kituoni, na wiki nzima alinipita kwenye korido kana kwamba mimi ni kabati. Nilianza kuandaa barua ya kuacha kazi. Nilijua nikiiacha, siku ya wakulima nitaenda tu kama mkulima yeyote, nisimame niseme.

Siku ya wakulima walijaa, kutoka Roret, Litein, mpaka upande wa Sotik. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, chifu na kwaya. Manila ilikuwa imetundikwa; Daktari alikuwa ameichora mwenyewe. Alipoitwa kuzungumza alienda moja kwa moja kwenye ramani, akaing'oa, akaigeuza juu chini, akaitundika tena.

"Hivi ndivyo ilivyopaswa kushikwa," akasema. "Tumeishika kichwa chini miaka sita. Chai niliyowaitia leo siyo. Hakuna atakayeondoka na mche. Kituo ni changu, kosa ni langu."

Kwaya ilikuwa imesimama tayari kuimba, wakabaki hivyohivyo. Nikasimama na mimi. "Aliyeishika ni mimi," nikasema kwa Kikipsigis, ili hata akina kogo, nyanya zetu wa nyuma, wasikie. "Vigingi nilipigilia mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Watu walitazama ile karatasi, kisha shamba, kisha karatasi, na mzee mmoja wa mbele akavua kofia polepole kama yuko mazishini. Halafu Mama Chebet akasimama kutoka safu ya wageni wa heshima.

"Mimi nimeshapanda," akasema.

Vichwa vyote viligeuka kuitazama nusu ekari yake ng'ambo ya kijito. Ilikuwa imependeza kuliko chai yote ya bonde lile.

Kituo kiliahidi kumpa miche mingine, na aing'oe ile. Alikataa. Alisema imeshika na imemea, ataona mwenyewe. Mwaka wa pili kiangazi kikaja, na nusu ekari ile ikageuka kahawia kuanzia pembeni kuja katikati, ndani ya wiki tatu. Nilimwomba Daktari siku kumi za likizo nikaenda na jembe. Nilimkuta ameshaanza mwenyewe. Tukang'oa siku nzima. Jioni alinawa mikono akaniambia neno hili, na ningependa mlisikie kama alivyolisema:

"Sikukasirika kwa sababu mlikosea. Kila mtu hukosea. Miaka sita mmekuja hapa mkanywa chai yangu. Mnapima majani, mnapima mvua, mnapima udongo. Mimi niliona kile kigingi cha kwanza kikiingia. Hakuna hata siku moja mliniuliza."

Ukweli huo bado unanipiga kifuani. Kwenye mipango yetu yote, mistari, miraba, kura, rangi, yeye hakuwemo. Alikuwa mwenye shamba tu.

Tulipanda upya kwa Mzizi wa Kwanza. Kitalu kilianza tena kutoka miche michache iliyokuwa imesahaulika nyuma ya banda. Daktari Kirui alipoteza safari zake na sifa zake, na watu walimcheka kwenye mikutano, lakini nilimheshimu upya, na hilo nilimwambia. Ramani zetu siku hizi hazisemi barabara. Zinasema mto, mwinuko, na jina la mtu aliyeona. Mnalalamika kwamba fomu ni ndefu. Ijazeni.

Ningependa kukomea hapo, lakini siku ya kuniaga, tukila pilau kwenye ukumbi wa kituo, Faith Chepngetich aliniinamia. Ndiye mdogo wenu, aliyeajiriwa mwaka jana. Alikuwa amenisikia nikisimulia habari hii kwenye hotuba, watu wakitikisa vichwa.

"Madam," akasema kwa sauti ya chini, "mwaka ule uliporithi mashamba ya Mzee, vigingi ulivipiga upya kwa Mama Chebet pekee?"

Nilikiweka kijiko chini.

Vigingi nilivipiga upya kwenye mashamba matatu. Miaka yote hiyo, baada ya yote hayo, sikuwa nimejiuliza. Wala Daktari. Wala mtu yeyote. Nikaisukuma kando keki yenye jina langu.

Jumatatu, nikiwa si mfanyakazi tena, nilienda na Faith. Shamba la Litein tulilitembea kutoka mwisho kuja mwanzo, tukauliza watu watatu mbalimbali. Lilikuwa sawa. Nikalia kwa furaha kando ya njia na Faith akajifanya anafunga kamba za viatu. Shamba la tatu liko upande wa kwenda Bomet. Tulikuta chai iling'olewa zamani, pamejengwa nyumba za kupangisha. Mwenye shamba amekufa. Wanawe wako mbali, walikuwa wadogo, hawakumbuki. Mzee Arap Bii naye tulishamzika. Tulisimama pale tukizungushia macho, hakuna mti wala jiwe la kuuliza, huku wapangaji wakitushangaa.

Ushauri uliotokana na jaribio lile bado mnawapa wakulima.

Tulirudi ofisini, Faith akaitoa faili. Kulikuwa na mstari mtupu mahali pa kuthibitisha mpangilio wa vipande. Mkuu mpya wa idara aliniambia si lazima, mimi nimeshastaafu, na jambo lenyewe ni la zamani. Nikaomba kalamu. Niliandika: Sijui. Nikaandika jina langu kamili chini yake, nikaiacha faili wazi juu ya meza yake.